Mistari Miwili ya Wasifu wa Kaka

Karatasi ya wasifu wa marehemu kaka yangu ilinifikia saa tano asubuhi, jeneza likiwa limeshatolewa ndani na kuwekwa mezani chini ya turubai. Nilikuwa naisubiri tangu asubuhi mapema. Mimi nimeishia darasa la saba, na kusoma kwangu ni kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa hiyo nilitaka nijizoeze kabla ya kusimama mbele ya watu. Sikupata nafasi hiyo. Nilipewa karatasi, nikapewa maiki, nikaambiwa, "Haya dada, dakika tano."

Kabla sijasema nilichokikuta kwenye karatasi ile, inabidi nieleze wasifu wenyewe ulivyoandikwa.

Kaka alilazwa Mbeya karibu mwezi mzima. Mimi naishi Iringa, nauza vitunguu na nyanya sokoni. Wifi, mkewe, alikuwa nyumbani anahangaika na vitalu vya mpunga, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na kitalu hakisubiri mgonjwa. Basi nikafunga meza yangu, nikaenda kukaa naye mimi. Madaktari walisema ni ini. Asubuhi nilipoingia na uji, ukungu ukiwa bado umefunika madirisha ya wodi, nilimkuta ameshaamka zamani, macho yako darini.

Wiki ya tatu alinituma nikanunue daftari na kalamu. Nilidhani anataka kuandika habari za shamba.

"Andika wasifu wangu," akasema. "Najua watakavyonifanya. Watanipaka rangi."

"Kaka, acha maneno hayo."

"Andika. Wewe huongei sana, lakini uongo huwezi."

Akaanza kuniambia taratibu, nami nikaandika. Kuzaliwa. Ubatizo. Kipaimara. Ndoa katika kanisa letu la Kilutheri. Watoto wanne, mmoja tumemzika. Kilimo cha mpunga. Mpaka hapo ulikuwa wasifu kama wasifu wowote unaousikia msibani. Kisha akapumzika kidogo, akasema, "Sasa andika la polisi."

La polisi kijiji kizima kinalijua. Kwetu ni upande wa Mbarali, ukiacha lami pale Igawa na kuingia ndani kwenye mashamba ya mpunga. Kaka alikuwa mpinzani, na kijijini kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Katika mkutano mmoja wa kijiji alisimama akasema kwamba maji ya mfereji yanafika kwanza kwenye ploti za wakubwa, wengine tunaletewa matope. Hakumtukana mtu. Alisema hivyo, akakaa. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo akasema huo ni uchochezi, na jioni ile ile walikuja kumchukua. Alikaa mahabusu siku nne. Hakupelekwa mahakamani, waliomchukua wakamwachia, wakamwambia achunge mdomo wake.

Niliandika: *Aliwekwa mahabusu siku nne kwa maneno aliyosema mkutanoni kuhusu maji.*

"Sasa la yule mama," kaka akasema.

Kalamu yangu ikasimama.

La yule mama nalo linajulikana, ila halitajwi. Kaka alipotoka mahabusu alipata jina. Watu walimwona jasiri, na uchaguzi wa skimu ya umwagiliaji ulipofika wakampa uenyekiti, asimamie mfereji na zamu za maji. Msimu wa pili wa uongozi wake, mama mmoja mjane, ambaye ploti yake iko mwisho kabisa wa mfereji, alisimama mkutanoni akasema kwamba siku hizi maji yanafika kwanza kwa mwenyekiti na rafiki zake. Karibu yalikuwa maneno yale yale. Kaka akamwambia akae. Hakukaa. Kaka akaamuru atolewe nje, na kamati yake ikaandika kwamba mama huyo asihudhurie mkutano wowote msimu mzima, kwa kuvuruga amani ya skimu. Zamu za maji zikapangwa yeye hayupo. Mpunga wake ulikauka ukiwa umeanza kutoa masuke.

"Nilimfanyia nilichofanyiwa," kaka akasema. "Na nilijua, wakati nafanya. Usiandike kwamba sikujua."

"Kwa nini usimwite ukamwambia mwenyewe?"

"Nimeona aibu miaka yote hii. Utasoma mbele yake. Utasoma?"

"Nitasoma."

Lazima niseme na langu. Siku aliyokamatwa, nilipopigiwa simu nililia, nikawaambia wenzangu wa sokoni kwamba nchi hii mtu anafungwa kwa kusema ukweli. Na siku niliyosikia kwamba amemtoa yule mama mkutanoni, nilicheka. Nilisema, "Safi. Amezidi mdomo yule." Nilisema hivyo nikiwa kwenye meza ile ile, nachambua vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, wala sikuona ajabu yoyote. Nilikuja kuiona pale wodini, kalamu mkononi.

Aliondoka baada ya siku nne.

Tulipofika kijijini na mwili, kamati ya mazishi ilikuwa imeshakaa. Mwenyekiti wake alikuwa ni yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji siku kaka alipokamatwa. Mtu wa chama tawala tangu ujana wake. Kaka alipoanza kuugua na kuachia uongozi, skimu nayo iliangukia mikononi mwa mwenyekiti huyu. Huwezi kumkwepa kwenye msiba kijijini kwetu, na kusema kweli alikuwa amefanya kazi: kuni zimeshaletwa, wachimba kaburi wameshapangwa. Pembeni yake alikaa rafiki mkubwa wa kaka, mwenzake wa chama, ambaye alikuwa katibu wa skimu wakati wa kaka. Wale wawili walikuwa hawasalimiani barabarani. Kwenye benchi la msiba walikaa bega kwa bega.

"Wasifu uko tayari?" mwenyekiti akaniuliza.

Nikampa daftari. Akavaa miwani, akasoma akitikisa kichwa taratibu, halafu kichwa kikatulia.

"Dada, hili la polisi linatafuta nini humu? Msibani hatuleti siasa."

"Siasa iko wapi hapo?" rafiki wa kaka akadakia. "Hiyo ni historia ya mtu. Alikaa ndani siku nne, alikaa hakukaa? Au ilikuwa hotelini?"

Wazee waliokuwa wamekaa jirani wakacheka.

"Nasema hapa ni msibani."

"Na mimi nasema mtu ana haki ya kusema. Mlimnyamazisha akiwa mzima, sasa mnataka kumnyamazisha na kwenye jeneza? Ana dhambi gani huyu, jamani?"

"Punguza sauti, mjane yuko ndani."

"Sauti yangu ndiyo hii, bwana, sina nyingine. Lete hilo daftari."

Alilichukua, akaanza kusoma mwenyewe kwa sauti ili watu wasikie. Alisoma mstari wa polisi kwa madaha, neno moja moja. Akafungua ukurasa wa pili. Aliposoma maneno *mwanachama mmoja, mama mjane*, sauti yake ikashuka, kisha ikakatika. Akamaliza kwa macho.

"Endelea," mwenyekiti akasema. "Tunasikiliza historia ya mtu."

"Hili hapana."

"Lina nini?"

"Hili ni kumchafua marehemu. Dada, nani amekwambia uandike hili?"

"Yeye mwenyewe," nikasema.

"Alikuwa mgonjwa. Mgonjwa husema mengi."

"Na la polisi alilisema akiwa mzima?" mwenyekiti akauliza, akiangalia pembeni, na wale wazee wakacheka tena.

"Haya mambo mawili hayafanani! Lile ni la haki. Hili la yule mama lilikuwa nidhamu ya mkutano. Mkutano lazima uwe na nidhamu, au siyo? Kila mtu angejisemea tu tungepanga zamu saa ngapi?"

"Ndivyo nilivyosema na mimi enzi zile," mwenyekiti akajibu. "Mkaniita dikteta."

Nikawaambia kwamba yote mawili nimetumwa na marehemu, sitatoa hata moja. Sikuipandisha sauti. Wakanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Rafiki wa kaka akafunga daftari, akasema tuyaache, tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe.

Saa kumi na moja jioni mwenyekiti alinifuata nilipokuwa natoka kisimani. Aliongea kwa upole.

"Dada yangu, sikutishi. Nakueleza utaratibu tu. Ploti ya marehemu iko kwa jina lake. Ili iandikwe jina la mjane inatakiwa barua, na mkutano, na sahihi yangu. Msimu umeanza. Ploti ambayo haina mwenyewe kwenye daftari haipangiwi zamu ya maji. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi tumzike ndugu yetu kwa amani."

Nilimweleza wifi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya akina mama, nikamwinamia sikioni. Alinishika mkono, akaukamata kwa nguvu.

"Wifi, nakuomba. Yeye amekwenda. Mimi nipo, na watoto wapo. Kitalu kimeshatoka, nahamishia wapi miche ile? Wewe ukishasoma unarudi Iringa kwenye vitunguu vyako. Mimi nabaki na hawa."

Alikuwa anasema ukweli mtupu, na mimi nilikuwa nimeahidi ukweli mwingine.

Kesho yake asubuhi mapema, siku ya mazishi, rafiki wa kaka akaja na pikipiki. Akasema wasifu lazima uchapwe, maana kuna wageni wa kutoka wilayani na haipendezi kusoma kutoka kwenye daftari la shule. Anakwenda Igawa steshenari, atarudi mara moja. Nilimuuliza, "Utachapa kama ulivyo?" Akasema, "Dada, mimi ni mtu wa kukata maneno ya watu? Mimi?" Nikampa daftari. Nilijua hatauandika mstari wa yule mama. Lakini nilijua pia kwamba ule wa polisi atauacha ubaki, kwa sababu alikuwa ameupigania mbele ya watu, na nilijiambia kwamba mstari mmoja nitausoma, wa pili nitausema kwa kichwa. Hilo ndilo kosa langu. Nilidhani watu wasiosalimiana hawawezi kupatana.

Sasa narudi pale nilipoanzia, maiki mkononi.

Nilisoma kuzaliwa, ubatizo, kipaimara. Kidole kilikuwa chini ya maneno. Nilisoma ndoa na watoto. Nilisoma, "Marehemu alikuwa mkulima hodari wa mpunga na mwanachama hai wa skimu." Nikashusha kidole kwenye mstari unaofuata, nao ulisema, "Marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya ini."

Nikarudi juu nikidhani nimeruka. Sikuwa nimeruka.

Nikainua macho. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Rafiki wa kaka alikuwa anaangalia spika. Hapo nikaelewa kwamba wameketi mahali, wakapatana: wewe toa wako, na mimi nitoe wangu. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata saa ya kufungua maji ya mfereji. Na walichokibakiza kwenye karatasi kilikuwa mtu aliyezaliwa, akalima, akaugua, asiyewahi kufungua mdomo wake maisha yake yote. Huyo sikuwa namfahamu.

Wifi alikuwa mstari wa mbele, khanga imemfunika mpaka machoni. Nilimwona ananitikisia kichwa. Hapana, wifi. Hapana.

Nikasema kwenye maiki, "Hapa pamerukwa. Kaka alinituma niseme kwamba aliwekwa mahabusu siku nne kwa maneno aliyosema mkutanoni kuhusu maji."

Turubai likachemka.

"Ratiba!" mwenyekiti akasema kwa nguvu. "Ratiba jamani! Tusiingize siasa!"

"Mwacheni aseme!" Hiyo ilikuwa sauti ya rafiki wa kaka. Alikuwa ameshasimama. Nadhani alisahau kwamba mstari ule yeye ndiye aliyeukubali ukatwe. Au aliona umeshatoka, basi autumie. "Mwacheni! Kusema ni haki yake! Sema dada, usiogope mtu!"

Wenzake upande wa kushoto wakaitikia, "Sema! Sema!" Mmoja akapiga makofi, msibani, jeneza liko wazi.

Mchungaji akainua mkono kutuliza watu. Nilisubiri makelele yapungue. Nikaushika ukingo wa ile meza ya jeneza.

"Na alinituma niseme la pili," nikasema. "Alipokuwa mwenyekiti wa skimu, mama mmoja mjane alisema mkutanoni maneno kama yale yale, na kaka akamtoa nje, akamfungia mikutano msimu mzima. Alijua ni kosa wakati analifanya. Alisema…"

"Inatosha!" Rafiki wa kaka alikuwa bado amesimama. "Inatosha, dada! Heshimu marehemu!"

"Si umesema aseme?" mtu akamtania kutoka upande wa pili.

"Siyo kila kitu kinasemwa! Kuna mipaka!"

"Mwacheni amalize, ni haki yake!" Huyu alikuwa mwenyekiti. Alikuwa ameketi vizuri sasa, mikono kifuani, na nusu ya turubai, upande uliokuwa unapiga kelele za ratiba dakika moja iliyopita, ikaitikia, "Aaamalize! Aaamalize!" Upande uliokuwa unasema sema, sema, ukawa unaguna na kuzomea. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sijasogea hata hatua. Waliohama ni wao.

Rafiki wa kaka akatembea mpaka kwenye spika, akainama, akachomoa waya.

Nikamalizia kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si kubwa. "Alisema nimwombee msamaha kwake mbele ya watu." Walionisikia ni mchungaji, wifi, na safu mbili za mbele. Nikaikunja karatasi, nikakaa.

Waya ukarudishwa. Zikaja salamu za rambirambi. Mgeni wa kutoka wilayani alizungumza kwa muda mrefu kuhusu mfereji, jinsi ulivyojengwa na nani wa kushukuriwa, na jinsi wananchi wenye akili watakavyokumbuka siku ya kura. Hakuna aliyesema ratiba. Baada yake rafiki wa kaka alisema marehemu alikuwa sauti ya wasio na sauti, na kwamba Mungu anawaona watu waliokuwa wakimnyamazisha. Hakuna aliyesema heshimu marehemu. Kisha tukamzika.

Yule mama hakuwa chini ya turubai. Nilikuwa nimemtafuta kwa macho wakati nasoma bila kumwona. Nilimkuta baada ya mazishi nyuma ya nyumba, kwenye masufuria makubwa, anakwangua ukoko wa wali na kipande cha kibao. Alikuwa amekuja tangu asubuhi kupika kama mwanamke mwingine yeyote wa kijiji.

"Kamwene, mama," nikamsalimia.

"Kamwene. Pole, mwanangu."

"Umesikia nilichosoma?"

"Nilisikia la polisi, na langu nusu. Halafu spika ikakatika."

Basi nikachuchumaa, nikamwambia upya, yote, na lile la kwamba alijua, na la msamaha. Aliendelea kukwangua. Nilipomaliza alisuuza mikono, akajifuta kwenye khanga.

"Angekuja yeye ningemjibu," akasema. "Nilikuwa na la kumjibu, nimekaa nalo muda. Sasa wewe nikujibu nini? Wewe hukunitoa nje."

"Nilicheka niliposikia," nikasema.

Alinitazama. "Basi hilo ndilo lako," akasema, akaniachia upande mwingine wa sufuria tulibebe.

Wifi hakusema nami. Nilikaa mpaka matanga yalipokwisha, akanipikia na kunitengea chakula, lakini maneno hakunipa. Nilirudi Iringa. Baada ya wiki mbili simu ikaja, yake, fupi: "Jumamosi wanajadili ploti. Mwenyekiti anasema wewe usipokuwepo hawafungui faili." Miche ilikuwa imeshapita siku zake kwenye kitalu. Akakata simu.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la skimu, tumekalia magunia na matofali. Mwenyekiti alikuwa mezani na katibu wake mpya, dada mmoja mwenye mwandiko mzuri. Rafiki wa kaka sasa naye alikuwa kwenye kamati, amekaa mkono wa kulia wa mwenyekiti.

"Kabla ya ploti," mwenyekiti akasema, "kuna jambo la kuweka sawa kwenye kumbukumbu. Msibani yalisemwa maneno. Ilisemwa kwamba uongozi wa kijiji ulimfunga marehemu."

"Na yakasemwa mengine juu ya kamati iliyopita," rafiki wa kaka akaongeza.

"Naam. Maneno hayo yakibaki hivyo hivyo yanaharibu sifa ya kila mtu. Kamati imekaa, imeona kwamba dada alizungumza kwa msiba, akili zikiwa hazijatulia. Mjane unasemaje?"

Wifi akasimama. Alikuwa amefunga khanga mbili, na mikono ameikumbatia tumboni. "Mimi sikumtuma," akasema. "Nilimkataza. Siko pamoja na aliyoyasema." Akakaa. Hakunitazama.

"Umesikia, dada. Tunataka neno lako tu, katibu aandike, tuendelee na ploti."

Kabla sijasimama, sauti ikatoka nyuma ya magunia. "Mimi nilikuwepo." Alikuwa yule mama. Alikuwa ameshasimama, mwembamba, kilemba cheupe. "Huyu alikuja mpaka kwenye sufuria akanirudilia neno kwa neno. Akili zake zilikuwepo. Kama hazikuwepo, basi na za kwetu hazipo."

Watu wakaguna, wengine wakacheka.

"Mama, hujapewa nafasi," mwenyekiti akasema.

"Mama, kaa chini," rafiki wa kaka akasema. Walisema kwa pamoja, wakakanyagana maneno.

Hakukaa.

"Dada," mwenyekiti akaniambia. "Siku ile akili zilikuwa zako?"

Nikasimama. Niliangalia mezani, barua ya wifi ilikuwa pale, juu yake pedi ya wino. Nikamwangalia wifi, akaangalia sakafu ya saruji. Nje, mlango wa ghala ukiwa wazi, niliona maji ya mfereji yanapita kwenda kwenye ploti zilizokuwa na majina. Nikamwangalia yule mama. Alikuwa amesimama kwa ajili yangu, peke yake, kwa namna ambayo mimi sikuwahi kusimama kwa ajili yake.

"Nilikuwa na uchungu," nikasema.

"Hilo tunalijua. Nauliza akili."

"Andikeni mnavyotaka."

Katibu akaandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Yule mama akakaa, bila kuambiwa mara ya pili. Rafiki wa kaka akasukuma pedi ya wino mbele, wifi akaitwa, akabonyeza dole gumba, na mwenyekiti akatia sahihi. Wanachama wakanyoosha mikono kukubali. Yule mama naye alinyoosha wake.

Tulipotoka, wifi alinisubiri pembeni ya mfereji. "Kesho napandikiza," akasema. "Miche imezeeka, lakini itashika." Nikabaki siku mbili, tukapandikiza pamoja, tumeinama kwenye tope, na maji yalikuja siku ya zamu yetu kama yalivyopangwa.

Nimeandika haya kwa sababu kwenye daftari la skimu imeandikwa kwamba sikuwa na akili. Zilikuwepo. Zilikuwepo siku ya mazishi nikiwa na maiki mkononi, na zilikuwepo zote siku ile ghalani, niliposema nilichosema na yule mama amesimama.